Alama za Ndani ya Kola

Babu yangu alifia darasani. Mwalimu wa kemia katika kituo cha elimu ya watu wazima alidhani amesinzia kama kawaida yake, akamwacha. Kipindi kilipokwisha na wenzake kuanza kukusanya madaftari, ndipo walipogundua kuwa mzee haamki. Watu wakisikia habari hii huminya tabasamu kwanza, halafu ndiyo wanatoa pole. Siwalaumu. Babu mwenyewe angechagua kifo hichohicho, ila angeomba kwanza aachiwe amalize zoezi.

Mtaani walimwita Mwanafunzi, na jina hilo lilimkaa vizuri kuliko koti lolote. Aliingia nchi hii kijana, na begi la turubai, bila kujua lugha ya watu wa hapa wala kusoma hata ile ya kwao. Alianza na kibarua cha kufua nguo, baadaye akafungua duka lake la dobi, chumba kirefu chenye mapipa nyuma, meza ya pasi katikati na nguo zilizoning'inia mpaka darini. Kuanzia hapo, kitu chochote asichokijua alikiona ni tusi. Alijifunza kusoma pamoja na wanawe, wakigombania kitabu kimoja. Alijifunza umeme, akaliacha jengo zima gizani. Alijifunza kuogelea mvi zimeshamjaa kichwani, kwenye bwawa la manispaa, katikati ya watoto wenye maboya mikononi, akiwashinda kwa kelele. Mtihani wa udereva aliufeli mara nyingi mno, hadi mtahini akamzoea na kuwa mteja wetu. Alijifunza pia kupiga kodiani, na hilo majirani hawajatusamehe mpaka leo.

Nilimpenda sana. Nalisema hili mapema, nisije nikaeleweka vibaya mbele ya safari.

Maana mtu anayekwenda darasani huacha kazi yake mikononi mwa mtu mwingine, na huyo mtu mwingine nilikuwa mimi. Baba yangu alifariki nikiwa mdogo, mama akaolewa mbali, mimi nikalelewa humo dukani kati ya wanga na mvuke. Jioni babu alivaa shati safi, akabana vitabu kwapani, akaniambia, "Mke wangu mdogo, lilinde duka, naenda kutafuta akili." Bibi, aliyeniita mke mwenzangu, alimfungulia mlango. Mimi nilibaki na pasi. Wenzangu shuleni walikuwa na jioni, mimi nilikuwa na makola.

Yalikuwa makola kweli, kwa sababu duka letu halikuwa na risiti wala vibandiko vya majina. Tulikuwa na alama. Kila mteja mpya alishonewa alama yake kwa uzi ndani ya kola ya nguo zake, na alama hiyo ilikuwa yake daima. Rangi ya uzi ilionyesha mtaa, mishono ya kulala ilionyesha jengo, na fundo dogo la mwisho ndilo lililomtaja mtu. Mteja aliingia mikono mitupu, akasalimia, akapewa nguo zake kabla hajakaa. Watu walilipenda jambo hilo, wakawa wanawapita madobi wengine mlangoni kuja kwetu. Kila mtu mtaani alijua kisa chake: Mwanafunzi alipokuwa hajui kusoma alibuni maandishi yake mwenyewe. Baba mkubwa alikihadithia kisa hicho kila alipopata wa kumsikiliza.

Zamani bibi naye alizijua alama. Kisha, nikiwa bado nahitaji kupanda juu ya kreti ili niifikie meza, alianza kuzisahau. Alimpa kinyozi sketi ya mkunga, siku nyingine akakaa na shati mkononi akisema hajui ni la nani. Tukasema umri umeanza. Tukamwondolea kazi ya duka, tukaanza kumwongelesha kwa sauti ya juu, ingawa masikio yake yalikuwa mazima kabisa. Babu akanikalisha mimi na kunifundisha, na tangu hapo tukawa wawili tu tunaozijua. Baada ya mazishi nikabaki peke yangu. Binamu zangu nilijaribu kuwafundisha, wakaondoka na malengelenge ya pasi na hawakurudi.

Wakati huo nilikuwa nimepata nafasi katika chuo cha upimaji ardhi. Nilikitaka chuo hicho mpaka kifua kiliniuma. Nilitaka kazi ya kusimama mahali peupe, upepo ukinipiga, nikitazama mbali. Kuripoti kulikuwa Jumatatu, na asiyeripoti nafasi yake inapewa mwingine. Niliwaeleza wazee, wakaniambia watalizungumza. Nilipendekeza tuanze kuandika majina kwa wino usiofutika. Baba mkubwa alinitazama kana kwamba nimesema tulichome duka moto.

Jumapili, siku moja kabla ya kuripoti, ukoo ulikusanyika dukani kutundika picha ya babu na kumkumbuka. Tulisukuma vikapu pembeni, tukapanga viti kati ya nguo. Mlango ulifungwa kwa sababu ya vumbi, na kwa kuwa pasi zilikuwa zimezimwa, chumba kilikuwa na joto la jana. Baba mkubwa, ambaye ofisini kwake husaini tu na nyumbani huhutubia, alisimama chini ya picha.

Alizungumza vizuri, lazima nikiri. Alitukumbusha bwawa na kodiani, watu wakacheka hadi wakafuta machozi, na mimi nikacheka nao. Shangazi akaongeza habari ya fyuzi. Lakini kila sifa ilipotajwa nilihisi kiti changu kinasogezwa karibu zaidi na meza ya pasi. Babu hakukata tamaa, walisema. Babu aliitunza kazi yake. Babu aliona mbali, ndiyo maana akamwachia mjukuu wake elimu ya alama ambayo hakumpa mwingine yeyote. Hapo nikajua tunakoelekea. Baba mkubwa alinigeukia akitabasamu kwa upendo wa kweli, na huo upendo ndio ulionitisha, kwa sababu mtu mkali unaweza kumjibu.

Alisema wamelizungumza. Chuo kipo, hakiendi popote, duka likifungwa ndiyo basi. Nikae kwanza, mambo yatulie, halafu wataona. Watu wakapiga makofi. Nilitaka kusema, lakini mtu wa nyuma alikuwa tayari ananipongeza begani.

Makofi hayajaisha, mlango ukagongwa. Alikuwa mhudumu wa hoteli ya pale juu, mteja wetu, ameitwa kazini ghafla na anataka koti lake jeupe. Aliomba radhi kwa kutuingilia. Baba mkubwa akafurahi kana kwamba amemtuma yeye. "Unaona?" aliniambia. "Haya, mama, mpe mteja koti lake."

Sikunyanyuka. Nilikaa juu ya viganja vyangu kama mtoto. Sikuwa nimepanga mgomo wowote. Mwili ulikataa tu, na nilipoona umekataa nikauacha uendelee.

Shangazi alinikonyeza, kisha akanikunjia uso. Mhudumu alitazama saa ya ukutani. Mwishowe baba mkubwa akacheka kidogo, akaenda mwenyewe kwenye makoti meupe, na makoti meupe kwetu ni mengi: ya wahudumu, ya wauza dawa, ya wapishi. Alipekua kola moja baada ya nyingine, akatoa moja kwa kujiamini. Mikono ya koti hilo iliishia kwenye viwiko vya mhudumu. Akatoa jingine, nalo lingewatosha watu wawili. Mhudumu, mtu mstaarabu, alisema labda linafaa. Mimi machozi yalinijaa, kwa sababu nililiona koti lake kutoka pale nilipokaa, na nilijua kwamba nikilitoa sitatoka tena humu.

Ndipo bibi akainuka. Tulidhani anataka maji, shangazi akamwuliza kwa sauti kubwa kama anataka maji. Bibi alimpita. Alifika kwenye makoti, akaingiza kidole ndani ya kola, bila hata kutazama, akaenda ya pili, ya tatu, akachomoa koti moja na kumvalisha mhudumu mwenyewe. Lilimkaa sawasawa. Mhudumu akashukuru, akaondoka mbio.

"Mama," shangazi alisema, safari hii kwa sauti ya kawaida, "si ulisema umesahau?"

"Nilisema."

Bibi aliegemea meza ya pasi. Alizungumza polepole, akitutazama sisi na siyo picha. Alama alizibuni yeye. Yeye alikuwa na madarasa kadhaa na sindano, mumewe hakuwa na herufi hata moja, basi akamtengenezea kitu ambacho vidole vyake vingeweza kukisoma. Siku zile yeye alikuwa amekubaliwa kwenda kusomea ukunga. Babu naye alikuwa ameona tangazo la madarasa ya kusoma.

"Akaniambia, mwaka mmoja tu. Nikimaliza mimi, utakwenda wewe," alisema bibi. "Nikamkubalia, maana alikuwa na kiu, na nilimpenda. Baba yenu hakumaliza. Aliruka kutoka darasa hili kwenda lile mpaka mnamzika. Mgongo uliponishinda nikaomba atafute mtu, akasema nani mwingine anazijua alama? Basi nikasahau."

Bibi akanigeukia.

"Sikujua atakukalisha wewe," alisema. "Nilipoona, ningeweza kukumbuka. Kila siku ningeweza. Nilikuwa nimechoka, mke mwenzangu. Nisamehe."

Sikujua kama namkasirikia yeye, au babu, au mimi mwenyewe kwa kupiga hesabu haraka namna ile. Ndiyo, nilikuwa nimeshaipiga: kama bibi anazijua alama, mlango uko wazi. Alikuwa ameshafungua droo na kutoa aproni, anaifunga kiunoni kwa vidole vyenye mafundo, na baba mkubwa anatazama sakafu. Nilijua mgongo ule, ndimi niliyeukanda kila asubuhi. Nilijua pia kwamba nitaondoka. Sikuweza kukaa hata kwa ajili yake, na kujua hivyo kuliniuma kuliko kitu kingine chochote siku ile.

"Kesho nenda," bibi alisema.

Nikamshika mikono. "Ni muda mfupi tu, bibi. Nikimaliza tu, narudi kukupokea."

Bibi alitoa mikono yake mikononi mwangu taratibu, akaenda kuwasha pasi.