Hoja ya Mwisho Mezani

Siku ya kikao cha kwanza, Kiranja aliketi mwisho wa meza ya kamati ya shule, sketi yake imepigwa pasi, akiwa na hoja moja tu: vyoo vya wasichana havina milango. Wanafunzi walimchagua kwa kura, na Mwalimu Mkuu aliusifu uchaguzi ule mbele ya wageni. Hoja ya wanafunzi iliwekwa chini kabisa ya ajenda, katika mengineyo. Chai ililetwa kabla hawajafika huko, na kikao kikafungwa.

Kikao cha pili, meza ilikuwa imerefuka. Kiranja alipita madirisha mengi ndipo akakifikia kiti chake.

"Ongeza sauti, binti yangu," Mwenyekiti aliita kutoka mbali. "Hapa kila mtu ana haki ya kusema."

Aliongeza hata sauti ikamkauka. Wajumbe walimtikisia vichwa kwa upole, wakaendelea na suala la rangi ya lango.

Asubuhi ya kikao cha tatu, alisimama vyooni akimkingia mdogo wake kwa sweta.

"Dada, shika vizuri! Wavulana wanapita."

"Nimeshika. Fanya haraka."

"Leo utawaambia?"

"Nitawaambia."

Kabla hajatoka nyumbani, shangazi yao alikuwa amemfungia chakula cha njiani.

"Kikao gani hicho cha kubebea chakula?"

"Kile kile, shangazi. Meza imerefuka."

"Basi vua hivyo viatu, uvae vya kutembelea. Vitakutoa malengelenge bure."

Kikaoni, akatembea kando ya meza. Sauti za wajumbe zilififia nyuma yake, kisha zikakoma, akabaki na mlio wa nyayo zake mwenyewe. Mwisho wa meza palikuwa na viti viwili. Katika kimoja aliketi mwanamke mwenye mvi, amevaa sare ya shule iliyombana mabegani. Mkono wake mmoja ulikuwa juu, ameuegemeza kwa mwingine.

"Shikamoo," alisema Kiranja.

"Marahaba. Wewe ndiye kiranja wa sasa?"

"Ndiye mimi."

"Karibu, mwenzangu. Wamefika mengineyo?"

"Bado. Nimewaacha wanamimina chai."

"Wanapenda chai wale," alisema mwanamke, bila kinyongo. "Hoja yako ni ipi?"

"Milango ya vyoo vya wasichana."

Mwanamke aliutazama mkono wake ulioinuliwa.

"Kumbe hata sasa," alisema.

Kiranja alifungua chakula, wakagawana. Mwanamke alikula kwa mkono mmoja, kwa adabu, bila kudondosha chembe.

Kengele ya mapumziko ilisikika kwa mbali, nyembamba kama mlio wa kijiko ndani ya kikombe. Kiranja alijua kwamba wakati ule mdogo wake amesimama vyooni na sweta mkononi, akitafuta wa kumkingia. Akafuta vidole vyake, akakaa wima, akainua mkono kama utaratibu unavyotaka.