Somo la Jana

Kila mwalimu mgeni kule Azrou hufanya hila hii, na anayekana ni mwongo: somo la mkaguzi hulifundisha jana yake, ili siku yenyewe watoto wang'ae. Naziha naye alilipika mapema, maana mkaguzi akimwangusha mara ya pili, kazi ndiyo kwaheri.

Kumbe amelipika likaungua. Sidi Abdelhaq, mkaguzi, aliketi nyuma ya darasa, Naziha akachukua chaki. Hajauliza kitu, darasa zima likapaza jibu la jana: "Nusu, Mwalimu!"

Mkaguzi akakohoa. "Mashallah. Wanajibu hata hawajaulizwa. Haya binti, wafundishe wasilolijua."

Naziha akashika la kwanza lililomjia: ipi kubwa, theluthi au robo?

"Robo!" akasema Itto, msichana wa dawati la mbele. "Nne si inaizidi tatu?" Wenzake wote wakamuunga mkono.

Ulimi ulimwasha Naziha amsahihishe. Ila akakumbuka jambo aliloliandika vizuri kwenye mtihani wa chuo na asilifanye hata siku moja: mtoto hujenga jipya juu ya analolijua, basi mwache akutane na kosa lake mwenyewe. Akachora mikate miwili ya duara, sawasawa.

"Itto, huu wanagawana watu watatu kwa shangazi yako. Huu wanagawana wanne kwenu. Una njaa. Unakula wapi?"

"Kwa shangazi!" Halafu akaenda ubaoni, akaikata mikate kwa chaki, akashika kiuno. "Ee! Watu wakizidi, kipande kinapungua. Nimejipunja, Mwalimu!"

"Na ulafi wako huo!" akadakia Hammou wa dawati la nyuma. Darasa likaangua kicheko, kisha wakaanza kuelezana wenyewe, Itto akiwafokea waliong'ang'ania robo. Naziha akasimama kando, asiamini macho yake.

Kengele ikalia, watoto wakatoka mbio. Sidi Abdelhaq akafunga kalamu yake.

"Ule mwanzo sikuusikia," akasema. "Nilikuwa nafuta miwani. Somo lililobaki limepita, na wewe umepita. Ila ukinipakulia kiporo tena, binti, nakurudisha chuo."

"Sirudii, Sidi. Wallahi."

Alipobaki peke yake, Naziha aliketi kwenye kidawati cha Itto, magoti yakikaribia kidevu, akalia kwa raha bila kuona haya. Kazi ilikuwa yake. Na kwa mara ya kwanza tangu afike Azrou, hakujua watoto watamjibu nini kesho, wala hakuogopa.