Pilipili Manga kwa Asiye na Ndoa

Kitu cha kwanza alichokiona Karna kilikuwa rangi nyekundu chini ya ukucha wa Gorm. Gorm alikuwa dereva wa lori la maua, na kucha zake siku zote zilikuwa na udongo mweusi kama za kila mtu pale kwenye mabanda ya vioo ya kukuzia maua. Lakini asubuhi ile, alipopokea sanduku la miche kutoka mikononi mwa Karna, kidole gumba chake kilikuwa na wekundu mbichi. Alipoona kinatazamwa akakitia mfukoni upesi, kama mtoto aliyekutwa kwenye mtungi wa asali.

"Umejikata?" Karna akauliza.

"Nimejikata," Gorm akasema. "Tena vibaya. Nusura nife." Akaenda zake mabega yakimtikisika kwa kicheko.

Karna hakuhitaji kuambiwa zaidi. Nyuma ya banda la mwisho palikuwa na mapipa ya mafuta yaliyokaa na kutu yake miaka nenda miaka rudi, na sasa hayakuwapo. Jumamosi yeye angetimiza miaka thelathini. Na huko kwao, mjini Odense, mtu akifika thelathini bila ndoa, wenzake humletea pilipili manga. Hupanga mapipa, hili juu ya lile, wakayapaka rangi mpaka yakafanana na kinu kirefu cha kusagia pilipili, wakakisimamisha mbele ya nyumba yake asubuhi na mapema. Kisha humvalisha miwani ya kujikinga, wakammwagia pilipili mpaka apige chafya mbele ya mtaa mzima. Wenyewe husema ni mapenzi. Usipoletewa, ndipo uanze kujiuliza.

Taabu ya Karna ilikuwa moja tu: alikuwa na ndoa.

Ilifungwa mwezi wa Aprili, kwenye ofisi ya manispaa, yeye akiwa na gauni la buluu na viatu vilivyombana. Aliyesimama naye alikuwa Sidsel, dereva wa treni ya mjini, mwanamke mrefu anayecheka kwa pua. Mashahidi walikuwa dada yake Sidsel na shemeji yake. Baada ya hapo walikula keki, wakarudi nyumbani kwa baiskeli, na Jumatatu Karna akaenda kazini bila kumwambia mtu.

Si kwamba angekatazwa. Sheria ilikuwa upande wake tangu zamani. Kilichomfunga mdomo kilikuwa habari ya Jannik.

Jannik ndiye aliyekuwa akipokea wanunuzi wa maua. Aliwatembeza bandani, akawamiminia kahawa, akawauzia hata wasichokijia. Siku moja mnunuzi mmoja mzee akamwuliza, "Mkeo hajambo?" Jannik akajibu, "Mume wangu hajambo, anakusalimu." Mzee akamaliza kahawa yake, akaaga. Haukupita muda, Vibeke, meneja wao, akamwita Jannik ofisini, akamwambia kwa sauti ya huruma kwamba angependa apate mahali penye utulivu zaidi. Mahali hapo pakawa chumba cha kufungia mizigo, kisicho na hata dirisha moja. Jannik akapata utulivu wa kutosha na wa kubakiza.

Na Vibeke hakuwa mtu mbaya, hilo ndilo lililochosha. Ndiye aliyepandisha bendera ya upinde wa mvua langoni, na mvua yenyewe ikinyesha aliishusha kwa mikono yake ili isichuje rangi. Alijua maneno yote mapya ya heshima, akamsahihisha kila mtu huku anatabasamu. Sasa mkuu wa banda la miche alikuwa anastaafu, na Vibeke alishamnong'oneza Karna: "Nafasi ile nakufikiria wewe. Mtu mpole, asiye na mambo mengi."

Karna aliitaka nafasi ile mpaka akaiota. Shule aliiacha mapema kwa sababu ya kuogopa kusimamishwa asome kwa sauti. Kwenye miche hakuna aliyewahi kumwambia paza sauti, hatukusikii nyuma. Kwa hiyo alinyamaza. Kunyamaza alikuweza kuliko kitu kingine chochote.

Ijumaa ilikuwa siku ya mikate. Walikaa kwenye chumba cha mapumziko na mikate ya moto, siagi na birika kubwa la kahawa. Vibeke akagonga kikombe kwa kijiko.

"Jamani, kabla ya kesho kuna jambo la lile pipa."

"Pipa gani?" Gorm akauliza, macho makavu.

"Karna, wewe ziba masikio," mtu akasema. "Husikii kitu."

Karna akaziba masikio, akasikia yote.

Vibeke akaeleza. Kwa desturi, mwanamume akipelekewa pilipili huandikiwa "Kapera wa Pilipili", na mwanamke "Mwali wa Pilipili". Maneno hayo, alisema, yamepitwa na wakati. "Hebu fikirini. Mwali! Linasema habari za mwili wa mtu ambazo hazituhusu."

"Kweli kabisa," Gorm akasema. "Tena nani alimkagua?"

"Gorm!"

"Si nakuunga mkono? Nakuunga mkono na bado unanigombeza!"

Mmoja akapendekeza "Mtu wa Pilipili". Vibeke akasema hilo linamfanya mtu aonekane kiungo cha mchuzi. Mwingine akaja na "Rafiki wa Pilipili", wakabishana kama pilipili inaweza kuwa rafiki wa mtu aliyefungwa miwani. Mikate ikapoa. Siagi ikaanza kulainika. Jannik alikuwa amesimama karibu na mlango, kwa kuwa viti vilikwisha, anapaka mkate wake taratibu.

"Mimi nilipotimiza thelathini mliandika nini?" akauliza.

"Wewe hukuandikiwa kitu," Gorm akasema. "Ulishafunga ndoa na yule Anders wako. Mwenye ndoa hapewi pilipili. Hiyo ndiyo sheria, na siibadilishi hata aje mfalme."

"Basi sheria ya mapipa ni nzuri kuliko ya ofisini."

Vibeke akatazama ndani ya kikombe chake. "Jannik, hilo tulishalizungumza. Ilikuwa kwa ajili ya utulivu wako."

"Nimetulia, Vibeke. Nimetulia mpaka juzi nimeanza kupiga soga na gundi."

Wakacheka wote. Vibeke naye akacheka, kwa kuchelewa kidogo, kisha akarudi upesi kwenye pipa, kama mtu anayekimbilia mahali pakavu. Mwishowe wakakubaliana, au tuseme wakachoka. Ingeandikwa: "Mtu Mzima Ambaye kwa Sasa Hajafunga Ndoa".

"Haienei," Gorm akasema. "Pipa lenyewe lina kiuno chembamba."

"Itaenea ukizungusha. Leteni brashi, nitaandika mwenyewe."

"Haya, andika. Lakini desturi ya hapa kazini unaijua? Pipa likikosea mtu, pilipili humrudia aliyeliandika. Tulimpelekea yule fundi wa mabomba, kumbe alikwenda likizo akarudi na mke. Nilipiga chafya mpaka meno yakalegea."

"Halitakosea," Vibeke akasema. "Karna tunamjua wote. Karna, una maoni gani?"

Karna alikuwa bado ameziba masikio. "Mimi sina neno," akasema, na chumba kizima kikaangua kicheko kwa kuwa alijisahau.

Nyumbani Sidsel alikuwa anakaanga nyama ya nguruwe, na viazi vinatokota. Aliposikia habari ya pipa alicheka kwa pua mpaka akashika meza.

"Wacha walete! Natafuta pipa la kuchomea nyama tangu majira ya joto. Na hilo la jina refu tutalizungusha tukisoma huku tunageuza soseji."

Karna hakucheka. Alikuwa anapanga uma, akiupanga upya uleule mmoja. "Nilikuwa nafikiri," akasema, "labda asubuhi uende kwa dada yako. Mpaka waondoke tu."

Sidsel akaacha kugeuza nyama. "Niende kwa sababu mimi ni nani? Mpangaji? Binamu? Fundi wa jiko aliyelala kwa bahati mbaya?"

"Ni asubuhi moja tu, mpenzi. Jumatatu Vibeke anatangaza ile nafasi."

"Na ile sherehe yenu ya Krismasi kazini, uliyokwenda peke yako, ilikuwa jioni moja tu."

Nyama ikaanza kuungua upande mmoja. Sidsel akaigeuza, akapumua, kisha akavaa uso wake wa utani, ule aliouvaa abiria wakimtukana kwa kuchelewa kwa treni. "Sawa, mheshimiwa. Nitaondoka na ushahidi wote." Akapita nyumba nzima akikusanya vitu vyake kama mwizi wa maigizo, ananyata kwa vidole: viatu vyake vikubwa, kofia ya kazi, mfarishi wake kutoka kitandani, na mwisho mswaki. Karna alicheka mpaka machozi. Kisha akaenda kunawa, akaona kwenye kikombe mswaki mmoja umeegemea ukingo peke yake, na kicheko kikamwishia kinywani.

Asubuhi aliamshwa na tarumbeta. Upande wa pili wa kitanda ulikuwa baridi. Alipochungulia dirishani, kinu kilikuwa kimesimama mbele ya nyumba, chekundu, kirefu kupita mlango, na wenzake wamekizunguka wakiimba wimbo wa siku ya kuzaliwa kila mtu kwa sauti yake. Vibeke alianza kuandika kwa herufi kubwa, nafasi ikamwishia, kwa hiyo upande wa barabarani palisomeka tu: MTU MZIMA AMBAYE.

"Mtu mzima ambaye nini?" aliuliza mzee wa nyumba ya jirani, mwenye mbwa.

"Zunguka, mzee, utaona!" Gorm akamwambia. Mzee akazunguka, mbwa akazunguka, kamba ikajifunga kwenye pipa.

Karna akatoka na koti la mvua. Wakampigia makofi, wakamvalisha miwani, wakamwegemeza kwenye kinu. Jannik alikuwa na tarumbeta. Vibeke alikuwa na keki, na rangi nyekundu mpaka kwenye kiwiko. Gorm akafungua mfuko wa pilipili, na upepo mdogo ukachukua ya kwanza, wote wakapiga chafya kwa pamoja.

Hapo ndipo Karna alipomwona Sidsel. Alikuwa ng'ambo ya barabara, kati ya majirani waliotoka na vikombe vyao, ameshika baiskeli kwa mkono mmoja na mkate kwa mwingine. Hakwenda kwa dada yake, au alikwenda akarudi. Alitimiza ahadi kwa namna yake: alisimama pale kama mtu baki, anatafuna, na mswaki umechomoza kwenye mfuko wa kifua wa koti. Mzee mwenye mbwa akamtazama, akautazama mlango wa Karna anaotokea Sidsel kila siku, akafumba mdomo wake.

"Wewe dada mrefu!" Gorm akaita. "Njoo umtupie konzi la kwanza la pilipili! Mkono wa mgeni una bahati!"

"Asante," Sidsel akajibu. "Mimi napita tu."

Hakulisema kwa utani. Alilisema kama mtu aliyelizoea. Likamwingia Karna kifuani, na pilipili ilikuwa bado haijamgusa.

"Gorm," akasema. "Ngoja." Chafya ikamkata. Akaanza tena. "Siwezi kupewa. Nina ndoa."

Kicheko kikapanda mpaka madirishani. "Nyote huwa na ndoa mfuko ukishafunguliwa!" Gorm akasema. "Tangu lini?"

"Aprili."

Gorm akashusha mfuko. Alimtazama vizuri, jicho moja limefumba kwa pilipili. Vibeke akasogea, akajifanya anamrekebishia miwani, akamwambia kwa sauti ya chini, ile ya huruma: "Karna, kama kuna jambo, si lazima liwe hapa. Njoo Jumatatu ofisini, mimi na wewe. Kwa utulivu."

Karna alilijua neno lile. Lilikuwa halina dirisha. Akaona pia nafasi yake ya banda la miche, miche midogo imepangwa mstari kwa mstari hadi upeo wa macho, na kitu pekee kilichohitajika ili aipate ni kufumba macho na kupiga chafya. Jannik aliteremsha tarumbeta, akawa anamtazama bila kumsaidia, kwa kuwa hapakuwa na namna ya kumsaidia.

"Mimi nataka kujua moja," Gorm akasema kwa sauti ya mtaa mzima. "Kama ni kweli, mtaje, tumwone. Sheria ni sheria: mfuko huu wote namgeuzia Vibeke. Kama ni uongo, funga mdomo vizuri, maana naanza."

"Jamani," Vibeke akasema, akirudi nyuma hatua moja pamoja na keki.

Ng'ambo, Sidsel alikuwa amemaliza mkate. Akavuta kofia ya koti kichwani na kuigeuza baiskeli aondoke, bila kinyongo, kama abiria anayeshuka kituo kisicho chake.

Karna akavua miwani. Pilipili ikamwingia machoni papo hapo, akaanza kutokwa na machozi, pua ikimchuruzika, na sauti aliyoitoa haikuwa nzuri hata kidogo. Lakini ilifika ng'ambo ya barabara, na zaidi.

"Yule mwenye mswaki mfukoni hapiti. Anakaa hapa. Ni mke wangu."