Majibu ya Mkulima wa Tarasaa

Kadii alikuwa na hakika kwamba kitabu kimekamilika. Alikwisha kukipanga sura kwa sura na kukiingiza katika vile vifaa sita vya kusomea vitabu ambavyo maktaba ya jamii aliyoisimamia pale Garsen ilipewa, na maandishi yakatoka safi, meusi, yasiyochosha macho hata juani. Kilikuwa na makala mia moja na kumi na mbili za blogu ya Mzee Wario, ofisa mifugo mstaafu, aliyeziandika kwa simu kwa zaidi ya miaka kumi: nyasi zipi huchipua kwanza maji ya mafuriko yakishuka, ndama mgonjwa hujulikanaje, ng'ombe hupita wapi kushukia mtoni. Kampuni iliyohifadhi blogu hiyo ilitangaza kwamba itaifunga Ijumaa. Sasa ilikuwa Jumatatu, na kilichosalia ni ruhusa ya mwenyewe. Bila ruhusa, Kadii alijiapia, hakitoki.

Mzee Wario alikuza herufi, akasoma barazani kwake kurasa tano, kisha akakirudisha kifaa taratibu.

"Binti, ni nani huyu anayeongea peke yake?"

"Ni wewe, baba."

"Mimi? Uzee umenifika, lakini wazimu bado." Akanyoosha mguu. "Kwetu Waorma, mtu akitoa habari lazima awepo wa kumwitikia. Asipoitikiwa, hanyamazi tu, habari yenyewe inakufa. Yuko wapi Randu?"

 Randu ndiye aliyejiita Mkulima wa Tarasaa, na alikuwa ametoa maoni chini ya karibu kila makala. Kadii aliyafuta yote. Aliyaona ni mabishano: mkulima na mfugaji, mahindi na ng'ombe. Yeye alitaka kitabu cha amani.

"Niliondoa maoni, baba. Mengine yalikuwa matusi."

"Yapi?"

"Lile la, 'Mzee, umeandika vizuri, lakini ng'ombe wako jana wamekula mahindi yangu, na hawakunisalimu.'"

Wario akacheka hadi akakohoa. "Unajua aliliandika lini? Mwaka ule mbaya, wakulima na sisi wafugaji tulipokuwa hatusalimiani hata sokoni. Nilipolisoma nikasema, kumbe bado tunaongea." Kicheko kikamwisha. "Bila Randu sitoi ruhusa. Na maneno yake si yangu. Kamwombe mwenyewe."

Kadii hakubisha. Kosa lilikuwa lake, na siku zilimtosha. Jioni ile aliyanakili upya kutoka kwenye blogu maoni yote, mia mbili na kitu, na alipofika makala ya mwisho, ya miaka miwili iliyopita, akasita. Wario alikuwa ameandika: *Malka yetu, njia ya ng'ombe kushukia mtoni, imezibwa na shamba jipya. Randu, nipite wapi?* Chini yake hapakuwa na neno. Baada ya hapo mzee hakuandika tena.

Asubuhi akapanda bodaboda hadi Tarasaa. Alimkuta Randu ukingoni mwa shamba akikung'uta simsim juu ya turubai, mtu mfupi mwenye kofia ya mkeka.

"Ruhusa?" Randu alisema alipokwisha kuelezwa. "Huyo mchungaji kajifunza lini kuomba ruhusa? Ng'ombe wake hawakuwahi kuomba!"

"Amesema bila wewe hakuna kitabu."

Randu akaacha kukung'uta. "Kasema hivyo?"

"Hivyo hivyo, baba. Lakini la mwisho hukumjibu."

"Ningemjibu na nini, mwanangu? Mafuriko yalichukua simu yangu. Nikanunua nyingine, ile blogu ikanidai neno la siri, nami hata jina la mbuzi wangu nalisahau. Nikabaki kumsoma kama mtu aliyezibwa mdomo. Halafu akanyamaza, nikajua kakasirika." Akajifuta vumbi usoni. "Una kalamu?"

"Nina simu."

"Andika basi. 'Wario, lile shamba jipya ni la mwanangu. Nimemwambia aache hatua kumi upande wa kaskazini. Pita hapo, ila asubuhi, na umshike yule dume wako mwekundu, namjua. Mengine yote nimekubali yachapwe, na lile la mahindi lisiguswe.'"

Kadii aliandika kila neno. Hakurekebisha hata moja.

Jumatano, kitabu kilirudi barazani kwa Wario. Safari hii kila makala ilifuatwa na sauti ya pili, kwa herufi za mlazo. Mzee alisoma kwa sauti, na kila alipofika kwa Randu alitikisa kichwa, akaguna, akacheka. Ukurasa wa mwisho aliusoma mara mbili. Kisha akaweka kidole juu ya zile hatua kumi.

"Kwa hiyo umetoa ruhusa, baba?" Kadii aliuliza.

"Nimetoa." Kadii alikuwa ameshainuka, mzee akamshika mkono. "Unakwenda wapi? Mtu amenijibu baada ya miaka miwili, nimwache hivyo hivyo? Blogu wanaifunga lini?"

"Keshokutwa."

"Wakati upo." Wario akaivaa miwani yake, akaitoa simu mfukoni, akaanza kubofya herufi moja moja. "Keti. Makala ya mia na kumi na tatu. Yule dume mwekundu nilimuuza zamani, lazima ajue."