Nyota Iliyomzunguka Mkuu wa Kituo

Jumanne saa nne asubuhi, mkuu wa kituo cha kusikilizia nyota alikuwa akifunga tai mbele ya kioo cha kabati nyota ya pulsa ilipoingia dirishani. Ilikuwa ndogo kama punje ya choroko. Ilisogea mpaka usawa wa kitambi chake, ikaanza kumzunguka. Tik, tik, tik.

Aliitambua. Ni nyota iliyokwisha kufa, nzito kupindukia, inayopiga kama moyo. Aliyeinasa ni mdogo wake wa kike, aliyekaa miaka miwili katika chumba cha nyuma akihesabu mapigo kwenye mikanda ya karatasi, hadi akagundua kwamba huwahi, kisha huchelewa, kisha huwahi tena, kila baada ya siku hamsini na moja.

"Kaka, hii haiko peke yake," alimwambia siku hiyo, macho mekundu kwa kukesha. "Inazunguka nyota nyingine, jitu zima."

Kaka mtu alimpongeza, akaenda kuandika ripoti. Jina aliloandika juu yake lilikuwa lake mwenyewe.

Mfagizi aliingia, akainama kuipisha nyota, akafagia. "Angalia isikuvunjie kikombe, mkuu," alisema, akatoka.

Saa tano wageni walifika kutoka wizarani. Mama mmoja mwenye daftari aliitazama nyota ikizunguka mara mbili tatu, akaandika.

"Nani aliigundua?"

"Mimi."

Wakati huo dada aliingia, saa ya kupimia mkononi.

"Na huyu?"

Mkuu aliinyoosha tai yake.

"Huyu ni wa chai," alisema.

Dada alimtazama kidogo tu. Kisha akaiweka saa mfukoni, akaenda kuchemsha maji, akaleta vikombe vinne, akamuuliza kila mgeni sukari ngapi. Mkuu alikunywa chai ile masikio yakimwaka moto, asijue pa kuyaweka macho.

Wageni walipoondoka alimfuata dada yake chumba cha nyuma. Nyota ilikwaruza mwimo wa mlango, ikang'oa kipande cha mbao.

"Mdogo wangu, yale ya leo..."

"Ripoti umeshaipeleka?"

Bahasha yenye ripoti ilikuwa katika mfuko wa koti lake. Aliihisi ikimgusa kifuani.

"Nimeshaipeleka," alisema. "Jana."

"Haya." Dada alivuta kiti, akafungua daftari. "Basi simama wima, kaka. Usitikisike. Ikipita nyuma yako siisikii, nataka kujua inapotea kwa muda gani."

Akasimama, mikono ameinyanyua kama mtu anayepimwa suti. Alasiri aliipeleka bahasha posta mwenyewe, kwa miguu, na watu wakampisha njiani ili nyota isiwagonge.

Wiki iliyofuata seremala alipanua milango ya kituo. Kila asubuhi saa mbili dada huja na daftari lake, humsalimu kaka yake kwa heshima, hupima. Kaka hutazama ukuta mpaka amalize.