Uhuru wa Tausi

Inatangazwa kwa wakazi wote wa Dodoma kwamba Jumatatu, siku ya kuzaliwa kwa Kaisari wa Ujerumani, mchezo utaonyeshwa mbele ya boma saa tisa alasiri, na kwamba hakuna mtazamaji atakayeruhusiwa kuketi na mbuzi.

Mtunzi wa mchezo huo alikuwa Mrumi aliyefariki yapata miaka elfu mbili iliyopita. Aliingia mjini kwa miguu kwa njia ya Mlali, shuka lake amelivaa lubega, na kwa kuwa wanaume wengi sokoni walivaa vivyo hivyo, hakuna aliyegeuza shingo. Kiswahili alijifunza njiani. Muda hakuwa ameukosa. Bwana Mkubwa wa boma, aliyesoma Kilatini shuleni, alimsahihisha makosa mawili, akampa kibali.

Alipata malazi kwa Shaibu, mfanyabiashara wa ngozi, kwa sharti la kusaga uwele. Alisaga vizuri, kwani katika uhai wake aliwahi kuwa mtumwa. Kwenye jiwe la pili alisaga Mwanamvua, mjakazi wa Shaibu, ambaye kwa miaka tisa aliomba hati ya uhuru na kujibiwa kwamba mvua zikinyesha vizuri jambo hilo litafikiriwa.

"Babu," aliuliza, "huyu mjakazi wa mchezo wako, Tausi, mwishoni anapata nini?"

"Uhuru. Anamlaghai bwana wake, watu wanacheka, bwana anamwacha huru."

"Nawe uliupata hivyo?"

"Bwana wangu alipenda kucheka."

"Wangu hacheki. Basi Tausi niwe mimi."

Shaibu alikubali kuigiza bwana alipohakikishiwa kwamba bwana ndiye mwenye kilemba kikubwa.

"Lakini huyu bwana si mjinga?"

"Kiasi, Bwana Shaibu," marehemu alijibu. "Ila mwenyewe hajui."

Jumatatu watu walicheka hadi askari wakaweka bunduki chini. Mwishoni Shaibu alimshika Mwanamvua mkono, akatamka kwa sauti: "Tausi, mbele ya mashahidi hawa, nakuacha huru." Karani Bartolomayo alikuwa na amri ya kuandikia hati kila uhuru utakaotamkwa mbele ya Bwana Mkubwa. Aliandika jina kama lilivyotamkwa, akagonga muhuri wa tai, akampa Mwanamvua.

"Ule ulikuwa mchezo!" Shaibu alilalamika bomani kesho yake.

"Amri haikutaja michezo," Bartolomayo alisema.

"Bwana Mkubwa, aliyeshikwa mkono ni mimi," alisema Mwanamvua.

Marehemu, alipoitwa kutoa ushahidi, alithibitisha kwamba Tausi alistahili.

Bwana Mkubwa alitafakari siku tatu, kisha akatoa uamuzi. Hati ni halali, na atakayemzuia Tausi njiani atachapwa viboko ishirini na tano. Tausi atafutwe popote alipo akabidhiwe hati yake. Na kwa kuwa Mwanamvua ndiye mtu wa mwisho kuonekana naye, asitoke nyumbani kwa Shaibu mpaka Tausi apatikane.