Maadam Injini Iko Nje

Katika mji wa Montecervo, shimo la injini lililo wazi huita watu kama matanga. Mara tu Fosca Ghirlandi alipoing'oa injini ya Alfa nyekundu, gari la kale la mama yake, na kuitundika kwenye mnyororo katikati ya karakana, majirani walianza kufika, huyu na chupa ya divai, yule na kipande cha soseji kavu. Waliinama juu ya pango tupu chini ya boneti, wakatikisa vichwa, kisha wakatoa ushauri ambao hakuna aliyeuomba.

Fosca alikuwa ameitoa injini kwa sababu moja tu: klachi ilikuwa imekwisha, na gari lilikuwa limelala bandani tangu kiangazi kilichopita. Hakutaka lilale tena. Kila mwaka, Jumapili ya kwanza ya Juni, magari ya kale hupanda barabara ya mlima kutoka uwanja wa kanisa hadi msalaba wa chuma ulioko kileleni. Iride, mama yake, aliwahi kuushinda mlima ule mbele ya wanaume wa mabonde matatu, akiwa bado msichana. Sasa alikuwa na miaka sabini na tisa. Sheria ya chama cha magari haikuwa na huruma wala tafsiri: aliyetimiza themanini hashiki usukani siku hiyo. Iride angetimiza themanini mwezi wa Septemba. Akiukosa mpando wa Juni hii, ameukosa milele.

Kwa hiyo kazi ilikuwa klachi, basi. Lakini mafundi wa bonde lile wana msemo waliourithi kwa baba zao, nao umeharibu mipango mingi kuliko kutu.

"Maadam injini iko nje," alisema Otello, fundi umeme aliyestaafu wa nyumba ya pili, "tubadilishe na stata. Hii ya kwako nzito kama dhambi. Nina mpya pale nyumbani, ndogo, lakini inazungusha injini kama shetani."

"Ya zamani inazunguka vizuri, Otello."

"Na babu yangu alitembea vizuri na mguu mmoja. Angepewa wa pili angeukataa?"

Fosca akacheka, akakubali. Kesho yake akaja Gualtiero, mwenye Lancia ya kijani, ambaye katika maisha yake hakuwahi kulisifu gari lisilo lake. Alibonyeza raba zinazoishikilia injini kwa kidole gumba, akaguna.

"Zimekauka kama mkate wa juzi. Na mipira hii ya maji, Fosca, unaiona au huioni? Maadam injini iko nje, mwanangu, jirahisishie kazi."

"Nitaibadilisha."

"Ibadilishe. Ila mwambie Mama Iride asijitese. Nitamwekea kiti chenye mto pale kileleni, aje na basi."

"Mwambie mwenyewe," akajibu Fosca. "Mimi bado nina meno yangu yote, nayapenda."

Ndivyo ilivyoendelea mwezi baada ya mwezi. Iliingia klachi mpya na sili ya mafuta nyuma ya injini; zikaingia raba mpya, mipira ya maji, mabomba ya breki. Kabureta zilifunguliwa, zikaoshwa, zikang'aa kama vikombe vya altareni. Kila jambo lilikuwa la haki, na mikono ya Fosca haikulipua hata moja. Ungemlaumu kwa lipi? Alikuwa anamwandalia mama yake siku moja, na mtu anayeandaa siku moja hataki iwe na doa.

Doa, basi, ndilo lililomponza. Siku zote Iride alikuja karakanani na chupa ya kahawa, akakaa juu ya tairi kuukuu, akatazama bila kusema mengi. Alasiri moja alimkuta Fosca amepiga msasa kuta zote za lile pango, ameziba kwa karatasi kila kisichotakiwa kupata rangi, na bomba la kupulizia liko mkononi.

"Usipake," alisema Iride.

"Kwa nini, mama? Maadam injini iko nje..."

"Uchafu ule naujua. Rangi siijui."

"Itapendeza. Utafungua boneti pale uwanjani, watu wafe kwa wivu."

"Mimi nataka kupanda mlima, mwanangu. Wivu wao nitaufanyia nini?"

Lakini Fosca alikuwa ameshaamua. Akapaka tabaka la kwanza, akapaka la pili, na la tatu akalipaka kwa raha tu. Rangi ilijaa kila kona na kila pembe, ikatuama hadi kwenye matundu ya bolti, nyekundu kama punje za komamanga. Ilipokauka hata Gualtiero alinyamaza, na kunyamaza kwa Gualtiero ni medali.

Injini ikarudi ndani siku ya Ijumaa kabla ya mpando. Montecervo ina desturi yake kwa injini iliyokaa nje: mara ya kwanza haiwashwi kwa betri yake yenyewe. Huwashwa kwa umeme wa jirani, ili irudi duniani kwa mkono wa watu. Otello alilisogeza gari lake dogo la mizigo mlangoni, akatoa nyaya zake mbili nene, akaubana mmoja kwenye betri ya Alfa na mwingine moja kwa moja kwenye chuma cha injini, kama baba yake alivyomfundisha. Fosca akageuza ufunguo. Injini ilinguruma papo hapo, nzito na tamu, na majirani wakagonganisha bilauri. Alilizungusha gari hadi kwenye kinu cha zamani na kurudi, klachi laini kama siagi, akaliegesha, akalifunika shuka. Jumamosi mvua ilinyesha mchana kutwa. Hakuna aliyeliwasha.

Jumapili magari yalishuka uwanjani kimyakimya, yakiserereka kwa mteremko, kwa kuwa hapana injini inayonguruma Montecervo kabla Padri Ezio hajamaliza misa na kuyabariki. Yalipangwa kwa umri, boneti wazi, madereva wamesimama kando. Iride alikuwa amevaa glavu zake za ngozi za zamani, zilizochakaa kwenye viganja. Watu walikuja kuchungulia ndani ya Alfa, wakapiga miluzi ya chini chini. Fosca alisimama kama mama wa bibi harusi.

Padri akapita na ndoo yake ya maji ya baraka, akanyunyiza kwa ukarimu, kwa sababu hakuwa mtu wa kubania maji. Kisha akainua mkono, nao uwanja mzima ukanguruma kwa mara moja.

Uwanja mzima, isipokuwa Alfa.

Iride aligeuza ufunguo. Stata mpya, ile iliyozungusha kama shetani, ilitoa mguno mmoja mzito, ikazunguka nusu kwa uvivu, ikasimama. Akajaribu tena. Mguno ule ule, mfupi zaidi.

"Ni maji ya Padri," alisema Gualtiero kutoka kwenye Lancia yake, iliyokuwa mbele yao katika foleni. "Padri, umeibatiza kwa kuizamisha."

"Nimeibariki sawa na yako," akajibu Padri Ezio. "Yako ndiyo iliyonishangaza kwa kuwaka."

Otello alifika mbio, uso umempauka. "Stata yangu ni nzima, Fosca. Naapa kwa marehemu mke wangu. Betri hiyo."

"Betri imelala kwenye chaji usiku kucha," alisema Fosca. Mbele, bendera ilianza kushuka, na gari la kwanza likaondoka. Kila mtu alijua utaratibu: zamu yako ikifika na bendera ikashuka, uondoke kwa nguvu za gari lako. Kusukumwa ni marufuku. Gari lisilowaka huwekwa pembeni, na mwaka wake umekwisha. Kwa wengine ulikuwa mwaka tu. Kwa Iride ilikuwa yote.

"Jaribu tena, mama."

Iride akajaribu. Mguno. Kisha akaondoa mkono wake haraka kwenye kivuta choki, kile kinachovutwa injini ikiwa baridi, akautazama ule mkono kwa mshangao.

"Fosca. Choki inaniunguza. Kupitia glavu."

Uzi mwembamba wa moshi ulikuwa unapanda pale waya wa choki ulipoingia dashibodini.

"Acha," alisema Fosca. "Usiguse kitu."

Akausogeza uso wake karibu na waya ule mwembamba, uliowekwa kuvuta kabureta na si kingine, na akili yake ikaanza kutembea. Waya haupati moto hivi hivi. Hupata moto kwa sababu umeme unapita. Kwa nini umeme wa stata upite kwenye uzi mwembamba hivi? Kwa sababu umeme ni kama mgeni: haingii nyumba isiyo na mlango wa kutokea, na akiukuta mlango umefungwa atatoka hata dirishani. Mlango wa Alfa ulikuwa ule mkanda wa waya uliosukwa, unaounganisha injini na bodi ili umeme urudi betrini. Aliufunga yeye mwenyewe siku ya Ijumaa, bolti ikakaza vizuri. Aliufunga juu ya tabaka tatu za rangi nyekundu kama komamanga.

Na siku ya Ijumaa nyaya za Otello hazikuuhitaji ule mlango, kwa sababu zilibana chuma cha injini chenyewe. Desturi njema ilikuwa imeuficha ubaya.

"Mama," alisema, "ni rangi yangu. Nimekuzibia umeme kwa rangi."

Iride alimtazama kidogo. "Basi ikwangue. Utalia kileleni."

"Spana namba kumi na tatu," alisema Fosca, na Otello akaitoa mfukoni, kwa maana mtu wa aina yake haendi misani bila spana. Bolti ikalegea. Chini yake rangi iling'aa, nzuri, isiyo na kasoro, haipitishi kitu. Msasa ulikuwa karakanani, juu kabisa ya ngazi ndefu za mji. Mbele, Lancia ya kijani ilikuwa inasogea mstarini.

"Kisu, mtu yeyote."

Padri Ezio alipapasa ndani ya kanzu yake, akatoa kisu cha kukatia jibini.

Fosca hakufikiria mara mbili. Alikwangua kazi yake ya wiki nzima kama mtu anayeparua samaki, vipande vyekundu vikimrukia usoni, hadi chuma kikatokea, cheupe na kitupu, upana wa sarafu kubwa. Akakwangua na tundu la bolti. Akarudisha mkanda, akakaza mpaka spana ikalia. Nyuma yake alisikia Lancia ikiondoka kwa makeke, na sauti ya Gualtiero ikipaa dirishani: "Kiti kina mto, Mama Iride!"

"Sukumeni hadi mstarini," alisema mwenye bendera kwa huzuni, "zamu yenu. Mbele ya mstari hakuna kusukuma."

Wakasukuma, Otello, Fosca na Padri. Fosca akafunga boneti, akaruka ndani upande wa abiria. Bendera ikapanda.

Iride akageuza ufunguo.

Stata mpya ilizungusha kama shetani. Injini ililipuka kwa uhai kabla kidole hakijaachia, kabureta zikavuta pumzi, na ngurumo ikagonga ukuta wa kanisa ikarudi. Bendera ikashuka. Klachi mpya ikashika, na uwanja ukabaki nyuma yao pamoja na kelele zake zote.

Fosca alikuwa amezaliwa na mwanamke huyu, amelishwa naye, amegombana naye maisha yote. Lakini kumwona akiendesha kwa haraka ilikuwa kama kumsikia akizungumza lugha ambayo hakuwahi kumfunulia. Mikono haikukurupuka. Gia ilishuka kabla ya kona, kwa wakati wake, na kila kona ilipofunguka gari lilikuwa tayari linatazama inayofuata. Injini haikutikisika juu ya raba zake mpya. Breki zilishika sawa. Kila "maadam" ya miezi ile ilikuwa sasa inalipa, moja baada ya nyingine, mlima mzima.

Kwenye kona za msituni walianza kusikia sauti nyingine mbele yao. Kisha wakaona kijani.

"Ni yule wa kiti?" aliuliza Iride.

"Ndiye."

Iride akawasha taa mara moja, kwa adabu, kuomba njia. Gualtiero alitazama kioo chake, akatazama tena kama asiyeamini macho yake, kisha, kwa kuwa kanuni ni kanuni hata kwa mwenye kiburi, akatoa mkono dirishani na kusogea ukingoni. Alfa ikampita kwenye kona ya chemchemi. Iride hakugeuza kichwa. Aliinua kidole kimoja cha glavu kutoka kwenye usukani, kama mtu anayemshukuru jirani kwa kumpisha mlangoni.

Kileleni, chini ya msalaba wa chuma, alizima injini, chuma cha moto kikitoa mlio wa kupoa. Mashavu yake yalikuwa mekundu. Akashuka, akafungua boneti mwenyewe, akainama juu ya lile doa la chuma lililokwanguliwa vibaya katikati ya rangi nzuri.

"Nitalipaka tena nikifika nyumbani," alisema Fosca. "Kuzunguka bolti tu, mama, kwa uangalifu."

"Ukilipaka nitakunyima urithi." Iride aliligusa doa kwa kidole. "Hili nalijua."

Gualtiero aliwasili, akashuka polepole, akavua kofia. Kisha akafungua buti la Lancia na kutoa kiti cha kukunja. Kweli kilikuwa na mto.

"Kaa wewe, Gualtiero," alisema Iride. "Umechoka." Kisha akatazama chini, barabara ilivyojikunja hadi mjini, ikiwa bado imefungwa kwa magari mengine mpaka saa sita mchana, na Fosca akaona glavu zile kuukuu zikikazwa tena vidoleni.

"Mama?"

"Septemba bado," alisema Iride. "Na maadam injini iko ndani, mwanangu, tushuke tupande tena."